Mikeka Niliyoitenganisha

Ndugu zangu, nimeombwa nitoe ushuhuda hapa kanisani, nami nimesimama haraka kabla sijabadili mawazo. Mnanijua kama mzee wa kwaya mwenye maelezo mengi. Leo pia nitaeleza taratibu, mnivumilie, maana nikifupisha mtadhani nilikosea kidogo tu.

Miaka ya kwanza ya Uhuru nilifanywa nyapara katika kiwanda kimoja cha pamba, upande wetu huu wa Tororo. Chini yangu walikuwa akina mama wa kuchagua pamba. Kwa ambaye hajaiona kazi hiyo: pamba ya mkulima huja na vipande vya majani, na nyingine ina madoa ya njano. Mama huketi mkekani, anatoa majani, anatenga nyeupe na ya madoa kabla haijaingia mashineni.

Niliwakuta wameketi wawili wawili, mkeka umegusana na mkeka, wanaongea kutwa. Kidhopadhola hapa, Kiteso pale, Kiswahili cha kuchanganya katikati, na vicheko. Nami nilikuwa na cheo kipya na viatu vipya. Nikaona wanacheza. Nikaitenganisha mikeka, hatua tatu kati ya mmoja na mwingine, na kuongea marufuku.

Pakawa kimya. Nikajisifu moyoni: sasa hii ndiyo kazi.

Wiki ya pili mama mmoja wa kijiji cha Paya aliinuka, akaenda kuketi kwa mwenzake wa kijiji cha Merikit. Nikamrudisha. Kesho yake akahama tena.

"Wewe mama, mkeka wako uko wapi?"

"Ule pale, nyapara. Unapumzika."

Wote wakacheka. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko cha kwanza tangu niwanyamazishe, na nilichekwa mimi. Nikamwambia aende, asirudi. Akakunja mkeka wake polepole, akamgusa mwenzake begani, akatoka. Hakunisihi. Nawaambia ukweli, nilitaka anisihi.

Baada ya hapo pamba nyeupe ikaanza kutoka na madoa. Nikaongeza ukali, madoa yakaongezeka. Sasa naelewa sababu: akina mama walikuwa wanaviangalia viatu vyangu. Nikikaribia, mikono inakimbia; nikienda mbali, mikono inalala. Pamba hakuna aliyeiangalia.

Meneja akaniita. "Kazi imeshuka. Umebadilisha nini?"

Nikajibu, "Hawa akina mama ni wavivu." Ndugu zangu, nilisema hivyo, na mdomo wangu haukutetemeka.

Mwenye pamba ya madoa mengi kuliko wote alikuwa yule wa Merikit. Nikaenda kumkaripia, nikamkuta ameisogeza pamba hadi puani.

"Mama, unafanya nini?"

"Natafuta njano, nyapara. Sioni."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi. Yule uliyemfukuza ndiye alikuwa macho yangu. Na yeye vidole vyake vimekakamaa, majani namtolea mimi. Tulikuwa tunaulizana tu. Hii? Ndiyo. Hii? Hapana. Wewe ukasema tunapiga domo."

Hapo ndipo nikaelewa. Mazungumzo yale ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Si yote, sitawadanganya. Mengine yalikuwa habari za harusi. Lakini hata hizo ziliwafanya wafike kabla ya kengele, wakiwa na hamu.

Jumamosi nikapanda baiskeli hadi Paya. Nikamkuta anapalilia karanga. Hakusimama.

"Nyapara, umepotea?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Omba. Mimi nasikia nikifanya kazi. Ulikuwa hujui?"

Nilivua viatu, nikainama, nikapalilia naye mistari miwili, kisha nikamweleza yote niliyomkosea. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Mwenzangu bado yuko?"

"Yuko."

"Basi nitarudi kwa ajili yake, si yako. Na mikeka utatandika wewe."

Jumatatu niliitandika yote, ikagusana, mbele ya macho yao. Madoa yalipungua kidogo kidogo. Hata hivyo, binti wa mama yule wa Paya alikuwa amekwisha kukosa karo ya shule na kukaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya ukali wangu. Muhula ule sikuweza kumrudishia. Ninapoomba, hapo ndipo ninapokwama hadi leo.

Namshukuru meneja aliyeniuliza nimebadilisha nini, ingawa nilimjibu uongo. Nawashukuru akina mama wote waliokubali kuanza upya nami. Na wewe uliyepewa watu wa kuwasimamia, shambani au dukani au nyumbani mwako, nakusihi: ukikuta wanafurahia kazi, keti kwanza ujifunze furaha ile inafanya nini, kabla hujainuka kuiondoa. Bado unaweza kujifunza, hata kama umechelewa. Mimi nilichelewa.

Wale wawili sitawataja. Wamo humu ndani, wameketi mkeka mmoja, na tangu nianze kusema wananong'onezana. Mzee wa zamu, nakuona unawaendea uwanyamazishe.

Tafadhali, waache.