Ukuta Kati ya Njia na Pete

Wazee wangu shikamooni. Wa rika langu, mambo. Mama pale mlangoni, ingia tu, nafasi ipo hapa mbele na mimi siumi. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha tuliopoteza viungo kaniambia niongee kifupi na nisitaje mtu jina. Majina nitayaficha, kifupi sijui. Na mkifurahi pigeni makofi nyie, mimi nikipiga linakuwa kofi.

Haya. Mkono wangu wa kulia ulibaki kijijini Kikwe, kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Nilikuwa nasukuma mabingobingo huku nawapigia wenzangu stori. Stori ilikuwa tamu, nadhani hata mashine ilitaka kusikia. Hapo siendi mbele zaidi, humu ndani kuna watu wanaijua ile sauti.

Mimi niliishia darasa la saba. Kazi zangu zote zilikuwa za kutumia mikono: kulima, kupakia nyanya Nduruma, kukata majani. Sasa niambieni, mtu kama huyo ukimtoa mkono unamwachia nini? Mdomo. Na mdomo wenyewe ukagoma.

Ndugu zangu, nawaambia, kidonda kilipona vizuri kabisa, mimi ndiyo sikupona. Kilichonimaliza ni upole wa watu. Mama ananikatia ndizi kwenye sahani kama mtoto. Nikimwaga chai anasema, "Acha baba, acha tu." Washkaji niliokuwa nashinda natukanana nao wakija wanakaa pembeni ya kiti kama wako msibani. Natupia utani, hawacheki, wanatazamana. Mmoja nilimwangushia simu, kioo kikapasuka chote. Akasema, "Usijali kaka, simu ni kitu gani." Huyo mtu zamani angenikimbiza mpaka Usa River. Siku ile nikajua kwisha habari yangu, maana anayesamehewa kila kitu ni marehemu.

Nikaacha kutoka. Chumba, kitanda, blanketi. Nje nilikuwa natoka kwenda chooni tu, na hata huko naangalia kwanza kama uani kuna mtu.

Sasa pale nyumbani Mama alikuwa na mpangaji, dada mmoja wa Kichaga anayesoma chuo, yale masomo ya juu kabisa ambayo mtu anasoma mpaka ukoo unasahau anasomea nini. Chumbani kwake kuna kompyuta mbili zinanguruma kama friji mbovu. Akienda chuo anaziacha zinafanya hesabu, umeme ukikatika kila kitu kinaanza upya. Siku moja umeme ukakatika tena, akaja kunigongea.

"Mdogo wangu, wewe unashinda humu?"

"Nashinda."

"Basi kashinde chumbani kwangu. Umeme ukikatika unawasha betri. Si unaweza?"

Nikamwambia, "Dada, mimi ni wa kushoto siku hizi."

Akasema, "Swichi haijui."

Nikaenda. Nikawa nakaa na zile kompyuta kama mchungaji wa ng'ombe wasiokula. Nikaanza kuuliza maswali, maana kukaa kimya kunanitia homa. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mnyoofu, na pembeni ya mstari kuna duara.

"Hiki nini?"

"Ni njia ya mwanga. Chukulia bamba la madini ya fedha, ile ya hereni. Ndani yake umechimba mfereji mwembamba mno. Kwenye unene wa unywele wako mmoja tu, mifereji ya namna hiyo ingejipanga mamia."

"Na duara?"

"Pete. Mwanga unaopita njiani ni wa rangi nyingi. Rangi ambayo ikizunguka pete inarudi pale ilipoanzia ikiwa inakwenda hatua moja na inayoingia, hiyo inanaswa. Nyingine zinapita zao. Ukibadilisha ukubwa wa pete, unabadilisha rangi inayonaswa."

"Kumbe pete ni baunsa."

Alicheka yule dada. Ndugu zangu, mimi sikuwa nimemchekesha mtu tangu nitoke hospitali. Akaniambia hilo ni chujio la mwanga, na siku moja kidude cha aina hiyo kinaweza kusaidia hata kupima maji yetu haya yenye floraidi. Nikamwonyesha meno yangu, nikamwambia majibu haya hapa, tena ya kahawia.

Basi akanifundisha kuchora. Unakamata mausi kwa kushoto, unaandika upana wa njia, ukubwa wa pete, unabonyeza. Siku za mwanzo pete zangu zilikuwa zinatoka mayai. Anafuta, narudia. Mama akipita mlangoni anasema, "Usimchoshe mwanangu." Dada anamjibu, "Mama, huyu hachoki, huyu anaongea tu."

Ikakaribia siku yake ya kukutana na mwalimu wake kumwonyesha kazi. Akaniachia mchoro wa kwanza, akasema ninakili, nibadilishe ukubwa wa pete tu, kila pete na picha yake, halafu niwashe hesabu ziende. Yeye akaenda chuo.

Sasa sikilizeni. Nyie wa Kikwe na Nduruma mtanielewa, wa mjini mtavumilia. Sisi tumekulia kwenye mifereji. Zamu yako ya maji ikifika unachukua jembe, unavunja tuta, maji yanaingia shambani. Usipovunja tuta unaweza kuuangalia mfereji mpaka mahindi yafe. Mimi naangalia mchoro wa dada: njia ile pale, pete ile pale, katikati kuna ukuta wa fedha. Mzima. Hakuna mlango. Nikasema, masikini, huyu dada kasoma sana mpaka kasahau kufungulia maji.

Nikamfungulia. Kila picha nikatoboa ukuta, nikaunganisha njia na pete vizuri, mwanga usipate shida. Nikawasha hesabu, nikakaa kitako najisikia bwana shamba.

Aliporudi sikumficha hata kidogo, nilikuwa nasubiri sifa. "Dada, ulisahau tuta. Nimekurekebishia zote."

Akakaa chini, akafungua. Pale alipokuwa anategemea kuona mstari wa majibu ya hesabu ukishuka shimo, kuonyesha rangi imenaswa, kulikuwa na bonde pana limelala ovyo, halichagui kitu. Picha zote hivyo. Akazifunga moja moja, polepole. Na mimi hiyo polepole ya watu naijua. Nikajua kinachofuata ni "usijali mdogo wangu", halafu kesho atatafuta mtu mwingine kwa upole. Sikungoja. Nikatoka, nikaingia chumbani, nikajifunika blanketi gubigubi. Nikajiambia imetoka hiyo, sitoki tena.

Mlango ukagongwa. Haukugongwa, ulipigwa.

"Toka humo."

"Dada, nimeshaharibu."

"Umeharibu, ndiyo. Nilikwambia ubadilishe ukubwa wa pete tu. Nani alikutuma kwenye ukuta? Kichwa kigumu kama jiwe la Momela. Mwalimu ananisubiri, mimi nina maelezo ya kuandika, na wewe umelala. Hizo picha atachora nani?"

Mama akaja mbio kutoka jikoni. "Jamani binti, mwanangu ni mgonjwa."

Yule dada akasema, "Shikamoo mama. Samahani. Mkono umepona, mama. Huyu hakukosea kwa sababu ya mkono, kakosea kwa ujuaji. Angekuwa na mikono miwili ningemgombeza hivi hivi."

Wapendwa, mimi chini ya blanketi nilianza kulia. Mama akadhani nimeumizwa. Hapana. Nilikuwa sijagombezwa tangu ajali. Ilikuwa kama mtu kafungua dirisha. Kwa mara ya kwanza kuna mtu ananidai kazi, na ana hasira, na ana haki.

Nikatoka na macho yangu mekundu. Dada wala hakubembeleza, akasogeza kiti.

"Mwanga siyo maji," akasema. "Ukuta ukiwa mwembamba kiasi hiki, mwanga unapenya kidogo kidogo. Ukiwa mnene, haupenyi. Ukiutoa, pete haichagui tena, inapokea kila anayekuja. Ule ukuta ndiyo kazi yenyewe. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Baunsa hawezi kusimama katikati ya barabara."

"Chora."

Nikachora. Nikikosea ananiambia nimekosea. Nikapata pete moja, mbili, zote. Ukuta kila mahali. Tukawasha hesabu, tukakaa tunasubiri, Mama naye kasimama nyuma yetu na mwiko. Mstari wa majibu ukaanza kwenda kwenye kioo, unakwenda, unakwenda, mara ukadondoka chini, ukapanda tena. Shimo jembamba, mahali pake. Tulishangilia kama timu imefunga.

Mama akauliza, "Hilo shimo ndiyo mnashangilia?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Kuna ugali."

Ndizi zilikuwepo pia, na nilizikata mwenyewe. Zilikwenda mpaka sakafuni, lakini nilizikata mwenyewe.

Mwalimu wake alizipenda zile picha. Yaani alisema shimo ni zuri ila liwe jembamba zaidi, ukuta unenepe kidogo, turudie. Hivyo ndivyo wanavyosifia wale. Tukarudia. Mpaka leo nachora, na wenzake wawili wa chuo nao wananipa za kwao. Hesabu zenyewe za ndani sizijui, msije mkaniuliza baada ya kikao. Mimi nachora ninachoambiwa, na kuta siachi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama kwa kila ndizi aliyonikatia, sikumwambia wakati ule, namwambia leo. Nawashukuru wauguzi walionifunga kidonda. Nawashukuru nyie mnaokaa hapa kila wiki kusikiliza upuuzi wetu. Na yule dada, simtaji, kakaa safu ya nyuma anainamisha kichwa, mwacheni.

Nanyi mliokuja kusindikiza wagonjwa wenu, ninalo ombi moja. Pole zenu tumezipokea, zimetosha, zingine pelekeni kwa jirani. Mtafutie mtu wako kazi ambayo akiiharibu utakasirika kweli. Halafu akiiharibu, kasirika.

Mimi jana nimeambiwa nachora kama kuku anavyoparura. Nimeshinda nacheka siku nzima.