Mfuko Uliotundikwa Nyuma ya Mlango

Ndugu zangu, wamama, wababa, salamu kwenu. Mama anayeongoza maombi amenisukuma mbele wiki tatu mfululizo, na wiki zote tatu nimekwepa. Mnanijua, mimi ni yule anayekaa karibu na mlango. Leo nimekuja kwa sababu ya mkono huu. Uangalieni vizuri. Hiki kidole kidogo hakikunjiki. Vingine vinne vinafanya kazi, lakini kuna siku tatu ambazo sikujua kama nitabaki navyo.

Sitataja jina la mtu. Wengine wako hapa, wanajijua.

Kwa wasionijua, niliacha shule darasa la tano. Sikuwa mjinga, ila sikuweza kukaa. Nimelima maharage ya watu Marabo, nimebeba matofali Nyankunde, nimeuza samaki wa chumvi Iga Barrière, nimeishi msituni na wakata mbao. Kila nilipopita niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Hii dawa inatoka kwenye mti gani? Kwa nini redio hii inalia upande mmoja? Nimeokota maneno mengi njiani. Na nawaambia, neno moja kati ya hayo nusura linipotezee mkono.

Vita vilipotulia, kutulia kwa namna mnayoijua, soko limejaa lakini kila mtu amevaa viatu vya kufunga kamba, nilirudi hapa Bunia kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa. Yaya ni mjane, tuko wawili tu nyumbani. Jambo la kwanza nililofanya ni kufunga ule mfuko wa siku ya kukimbia.

Msicheke. Ninyi wote mko nao. Wengine wameuweka chini ya kitanda, wengine juu ya kabati. Wa kwetu niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na blanketi mbili, sufuria, kopo la chumvi, sabuni, wembe, nguo za kubadili, na chini kabisa, kwenye plastiki, kadi zetu za uchaguzi. Safari iliyotangulia tulikimbia bila kadi, na kila barieri, kizuizi cha askari barabarani, tulisimama kando kama watu wasiokuwa na jina. Nikaapa kwamba haitatokea tena.

Siku moja nikamkuta yaya ameingiza mkono mle.

“Yaya, iko unatafuta nini?”

“Sabuni. Ya jikoni imeisha.”

“Rudisha! Siku ya kukimbia tutaoga na nini?”

“Siku ya kukimbia utaoga? Weye ambaye siku ya amani huogi?”

Alicheka, mimi sikucheka. Nilifunga mdomo wa mfuko kwa kamba, fundo juu ya fundo, nikatangaza kwamba hakuna mtu kuugusa. Tulivuna maharage, tukapanda, tukavuna tena. Mfuko ulikaa pale pale. Ulikuwa na tundu ubavuni, la kupitisha kidole gumba, na mimi nililiona. Yaya aliniambia kuna utando nyuma ya mlango, tufagie. Nikamwambia aache, asije akauangusha mfuko. Hebu fikirini. Mlango ule nilikuwa naufungua mara ishirini kwa siku kuangalia njia. Nyuma yake sikuwahi kuangalia.

Ikafika Jumanne moja, kabla ya saa sita mchana. Watu walianza kuja mbio kutoka upande wa barabara ya Iga. Mbuzi, magodoro, mama amebeba kiti kimoja cha plastiki. Nani anafukuza? Hakuna aliyejua. Baadaye niliuliza watu tisa, nikapata majibu tisa.

Yaya alimwaga maji kwenye moto. Mimi nikarukia mfuko.

“Kadi!” akapiga kelele. “Shika kadi mu mukono! Ku barieri wataomba!”

Nilikata kamba kwa meno, nikatumbukiza mkono mpaka chini. Hapo nikachomwa, kama sindano ya kushonea magunia, hapa chini ya kidole gumba. Nilipotoa mkono na kadi nikamwona buibui amening’inia, mweusi, tumbo la mviringo kama punje ya pilipili manga, miguu myembamba. Nilitikisa mkono, akaanguka ndani ya mfuko.

Sasa, ndugu zangu, sikilizeni ujuzi wangu. Kule msituni niliona mtu aliyeumwa na nyoka. Wenzake walimfunga mkono kwa mpira, wakamchanja kwa wembe, damu ikatoka. Nilisimama karibu nikaangalia kila kitu, nikakiweka kichwani. Kwa hiyo siku yangu ilipofika sikuuliza mtu. Nilichukua ukanda wa mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, nikajifunga juu ya kiwiko kwa nguvu zangu zote. Nikachukua wembe uliokuwa dirishani, nikajichanja mara tatu. Yaya aliziba macho. Nikazungushia kitambaa kirefu kutoka kiganjani mpaka juu ya mpira, nikabeba mfuko, tukakimbia.

Maumivu yalipanda mpaka kwapani. Nilitoka jasho hata kwenye kope. Tumbo likakazana kama ubao. Na hofu ilinishika, lakini si ile tuliyoizoea, ya kujua unakimbia nini. Nilikuwa naogopa mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Kila hatua nilijiambia, mpira umezuia sumu, usiuguse.

Barieri tulikuta mstari mrefu. Kadi nilikuwa nayo mkononi, safi kabisa, na askari hakuiangalia. Aliangalia kitambaa chenye damu.

“Weye, simama. Mukono iko na nini?”

“Buibui, shefu.”

“Nini?”

“Buibui imeniuma.”

Alicheka kidogo, kisha akaacha. “Leo watu wanakimbia, na mutu anakuja na damu ku mukono, na jasho, anatetemeka, anasema buibui. Risasi ilikupata wapi?”

Wale waliokuwa nyuma yetu kwenye mstari wakasogea mbali. Majirani, watu tuliokula nao. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningesogea pia.

“Fungua tuone,” akasema.

“Shefu, nikifungua, sumu itapanda ku roho. Nitakufa hapa mbele yako.”

“Basi kufa pole pole. Kaa pale.”

Nikakaa juu ya tofali, juani. Mnaelewa nilichofanya? Kufungua kitambaa kungemaliza maneno yote. Angeona kwamba hakuna risasi. Lakini kitambaa kilishikana na mpira, na mpira nilikuwa nauamini kuliko Mungu, nisameheni. Kadiri nilivyokataa, ndivyo nilivyozidi kuonekana mpiganaji. Vidole vikawa na rangi ya bilinganya. Kisha vikaacha kuuma. Nikafurahi! Nikadhani dawa imefanya kazi.

Yaya hakukaa. Alisimama mbele ya uso wa yule askari.

“Shefu, huyu iko kichwa ngumu, lakini si mupiganaji. Hata kuku anaogopa kuchinja. Miye njo nachinja.”

Watu wakacheka kidogo, kwa woga.

“Basi nionyeshe hiyo buibui yake,” askari akasema.

Yaya alishika mfuko kwa chini akaumwaga wote katikati ya barabara, ule mfuko niliokataza kuguswa. Sufuria ikabingirika, sabuni ikaangukia vumbi. Kwenye mikunjo ya blanketi kulikuwa na utando na vidonge vyeupe kama pamba, vinne au vitano. Mayai. Lakini buibui hakuonekana. Hapo nilihisi nimekwisha, ndugu zangu. Askari akainua blanketi kwa mdomo wa bunduki, na yule mnyama akatoka mbio moja kwa moja kuelekea kiatu chake.

“Mama na ngai!” akapiga kelele, akaruka nyuma, akamgonga mwenzake, kofia ikaanguka.

Barabara nzima ililipuka kwa kicheko. Watu waliokuwa wanakimbia kifo, wamebeba magodoro, walicheka mpaka machozi. Yaya alimwaga chumvi, akamfunika buibui kwa kopo, akaziba kwa kifuniko.

Askari aliokota kofia yake, akaja kwangu. Alishika vidole vyangu kimoja kimoja. Sikuhisi kitu.

“Weye, mukono njo inakufa, si roho,” akasema. Akasimamisha pikipiki yeye mwenyewe. “Peleka huyu ku hospitali. Mbio.”

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliangalia kopo, akaangalia mkono, akachukua mkasi. Nikauvuta mkono.

“Nani alikufunga?”

“Miye mwenyewe.”

“Ulijifunza wapi?”

“Musituni. Kulikuwa mutu wa nyoka. Walimufunga hivi.”

“Alipona?”

Ndugu zangu, hilo ndilo swali ambalo sikuwahi kuliuliza. Kwa sababu kesho yake asubuhi niliondoka ile kambi. Nilikuwa nimechoka na mahali pale, kama ninavyochoka na kila mahali. Niliona wakimfunga, niliona damu, kisha nikaenda zangu. Sikubaki kuona. Miaka yote nilibeba dawa ambayo sikujua kama iliponya mtu au ilimuua.

“Sijui, mama,” nikasema. “Niliondoka.”

Hakucheka. “Leo hautaondoka,” akasema. “Leta mukono.”

Nikampa.

Aliita daktari kwanza, wakaniwekea maji ya mshipani, wakalegeza mpira pole pole. Damu iliporudi nililia kama mtoto mchanga, siwadanganyi. Daktari alisema vidole tutajua kesho. Kesho akasema tutajua kesho. Siku ya tatu majeraha ya wembe yalikuwa yametunga usaha, wakawa wanayaosha huku mimi nauma shuka, na kila asubuhi muuguzi anachoma ncha za vidole kwa kijiti na kuuliza, unasikia? Sisikii. Unasikia? Sisikii. Yaya yuko kwenye kiti, ananibembeleza, na yaya akinibembeleza mjue kuna hatari.

Siku hiyo ya tatu, jioni, kidole gumba kilisikia. Kisha cha pili. Kidogo hiki kilichelewa, na mpaka leo kimekataa kukunjika.

Nilipoweza kuongea, nilimuuliza muuguzi kila kitu, mnanijua. Akanieleza kwamba buibui wengi wa nyumbani hawana shida na hawatutafuti. Wachache wana sumu kali, kama huyu, na wanapenda mahali pa giza pasipoguswa: nyuma ya milango, chini ya matofali, ndani ya viatu na nguo zilizokaa. Akiuma, osha kwa maji na sabuni, toa pete, weka kitambaa cha maji baridi, tulia, nenda kwa waganga wa hospitali haraka. Usifunge, usichanje, usinyonye. Hata nyoka, akasema, hatufungi hivyo. Maumivu na jasho vingeweza kutulia kwa dawa, na mkono usingekuwa na neno.

“Buibui iliuma mara moja,” akaniambia. “Weye ulijiuma masaa tatu.”

Namshukuru yule mama. Namshukuru yule askari, ambaye jina lake sikuuliza na nimeambiwa amehamishwa. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki mliotuletea muhogo na sombe, majani yake, kila siku, hata wale waliosogea kwenye mstari. Hasa wao, maana walikuja wa kwanza. Na yaya, nisamehe yale ya sabuni.

Sitawaambia mkafungue mifuko yenu mkalale raha. Mimi si mwongo, na amani hii wote tunaisikiliza kwa sikio moja. Wa kwetu bado umefungwa. Lakini tunaumwaga kila Jumamosi, tunakung’uta, tunaanika, tunafagia nyuma ya mlango, tunaziba matundu.

Na hiyo ndiyo sababu ya kweli nimekubali kusimama leo. Jumamosi iliyopita tulianika asubuhi. Jirani wa chini akaona blanketi na sufuria nje, akafikiri tumesikia habari. Akaanza kufunga godoro. Wa pembeni yake akamwona, naye akafunga. Kabla yaya hajamaliza kufagia, familia sita zilikuwa njiani zimebeba watoto, na mimi nawakimbilia na mkono wangu mmoja na nusu, nawaita warudi.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu. Jumamosi hii mkiona blanketi zetu kwenye ukuta na kadi zetu juu ya jiwe, hatuendi popote. Toeni na zenu.