Doña Refugio na Wiki Moja ya Akina Dada Zavaleta

Ijumaa tarehe 30 Juni 1995, baada ya miaka thelathini na mmoja, Doña Refugio Barragán anaikabidhi simu yake. Sisi wa jarida la muziki tumezoea kumwita Doña Cuca, na kila Jumatatu tangu 1964 amepigia simu maduka thelathini na mawili ya santuri, kuanzia Tijuana hadi Mérida, ili Meksiko ijue wimbo gani unaongoza.

Alikuwa na namna yake ya kuuliza. Hakumuuliza mwenye duka wimbo gani unapendwa, maana angetajiwa ule uliojaa kwenye rafu bila mnunuzi. Aliuliza, “Haya baba, santuri gani imekuishia?” Hapo mtu hudanganya kwa shida. Aliwajua wake zao, magonjwa yao na watoto wao wa ubatizo. Mwenye duka wa Saltillo alimtania kila wiki kwamba angemwoa kama si mkewe kusikiliza kwenye simu ya pili.

Lakini nisipoandika habari za mwaka 1978, nitakuwa nimempa shukrani nusu.

Nilikuwa na miezi mitano kazini. Jumatatu ya Pasaka Doña Cuca aliugua, akaniachia simu. Maduka kumi na mawili hayakupokea, wenyewe wako mapumzikoni. Nikajiambia, nani ananunua santuri Juma Kuu, Bwana wetu yuko msalabani? Nikawaandikia namba zao za wiki iliyopita, na wimbo uliokuwa juu ukabaki juu.

Jumatano jarida likatoka. Simu ya kwanza ilitoka Veracruz.

“Hortensia, mama, hizo namba zangu umeoteshwa na malaika? Mimi na wewe tumeongea lini?”

Kumbe Jumamosi Kuu maduka yalifunguliwa, na vijana waliochoshwa na ukimya wa siku mbili wakayavamia kutafuta wimbo mmoja tu: ule wa akina dada Zavaleta wa Tehuacán, wa mwanamke anayempigia pasi shati bwana asiyerudi. Doña Cuca akaja na homa yake, akapiga tena zile simu kumi na mbili. Akina dada ndio walioongoza.

Mkurugenzi wetu, Don Anselmo, Mungu amrehemu, hakutaka kusikia.

“Limeshatoka, Doña Cuca. Nani ataona?”

“Wale mabinti wataona.”

“Tukikiri kosa, lazima mtu aende nyumbani.”

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika rozari mfukoni. Nilijua mtu mwenyewe ni nani, na nyumbani mama yangu alikuwa kitandani ananitegemea mimi peke yangu.

“Orodha ni yangu,” akasema Doña Cuca. “Andika jina langu.”

Sahihisho likatoka ukurasa wa mbele, chini yake jina lake. Kwangu alisema neno moja tu: “Mwanangu, duka lisipopokea, andika halikupokea.” Kisha akaniagizia kahawa.

Wiki iliyofuata wimbo mwingine ukapanda. Akina dada Zavaleta hawakufika tena kileleni, mwaka ule wala mwingine wowote. Lakini katika orodha ya nyimbo zilizoongoza mwaka 1978 wamo, mstari mmoja, wiki moja. Walikuja wenyewe na sufuria ya mole, mchuzi wao mzito wa pilipili, kumshukuru, na mdogo wao, Obdulia, alilia mpaka akachekwa na dada yake.

Don Anselmo hakuthubutu kumfukuza Doña Cuca, akampa barua ya onyo. Ipo kwenye faili lake hadi leo, karatasi pekee yenye doa katika miaka thelathini na mmoja, na hajawahi kumwambia mtu. Namwambia mimi kila anayesoma programu hii ya sherehe ya kumuaga: kosa lilikuwa langu. Nimemwomba mkurugenzi wa sasa aitoe barua ile kwenye faili la Doña Cuca aiweke kwenye faili langu, na jana amekubali.

Ahsante, Doña Cuca. Nenda Pátzcuaro kwa dada yako ukiwa na faili safi, Mama Maria akufunike kwa joho lake, na Jumatatu ulale mpaka jua lipande.

Hortensia Lemus,
Idara ya Orodha