Kamba ya Sanduku la Rakkammal

Ndugu, majirani na wachuma chai wenzake, wapiga ngoma naomba mtupumzishe kidogo, najua mvua imekaribia na kaburi liko tayari, lakini mama huyu hajawahi kuondoka mahali bila maneno.

Marehemu Rakkammal, mke wa Mzee Mayandi na dada mkubwa wa mama yangu, alizaliwa tarehe 12 Aprili 1947 katika shamba la chai karibu na Hatton, Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako Waingereza waliwavusha babu zetu Watamil kutoka vijiji vya Tiruchirappalli, India, na alikuwa bado ananyonya wakati sheria ya Ceylon ilipowanyima watu wetu uraia. Alisoma shule ya shambani hadi darasa la tatu, akaingia kuchuma chai, na tarehe 3 Juni 1966 akaolewa, wakajaliwa Ilango na Thenmozhi.

Tayari mwaka 1964 serikali mbili, ya India na ya Ceylon, zilikuwa zimekaa Delhi zikatugawana kama mifugo, hasira hiyo sijaimaliza hadi leo, na Septemba 1972 zamu ya familia yake ilipofika walipanda meli Talaimannar, wakashuka Rameswaram upande wa India, wakaletwa hapa Gudalur kuchuma chai ileile. Kule walizomewa, "Wahindi, rudini kwenu!" na hapa sokoni, kwa Kitamil chetu wenyewe, wakazomewa, "Nyie wa Ceylon, rudini kwenu!" Kila uchaguzi alikuja mgombea kutuhubiria kwamba Watamil ni watu wa kale kuliko wote, naye Mama Mkubwa akamuuliza, "Mwanangu, huo ukale una choo?"

Sanduku la bati aliloshuka nalo melini lilikaa chini ya kitanda miaka yote, limefungwa kamba, na Mzee akitaka kujenga ukuta wa matofali au kupanda mfenesi, alijibiwa, "Baba Ilango, umesahau tunahama?" Alituapisha tusimzike hapa, tumchome, majivu yamwagwe baharini Rameswaram, maji yenyewe yachague upande.

Mwezi Mei alianza kuugua moyo, akalazwa Coimbatore, na tarehe 7 Julai 2019 alimwambia mumewe, "Baba Ilango, kata kamba." Mzee akauliza, "Tunakwenda wapi?" Akajibu, "Hatuendi." Alifariki tarehe 9 alfajiri.

Wajomba, tangu jana mnagombana, mnataka apelekwe Rameswaram, nami moyo wangu haujatulia, lakini kwetu mke anayemtangulia mumewe huvishwa sari yake ya harusi, na ya kwake ilikuwa humo sandukuni. Asubuhi hii Mzee ameikata kamba mwenyewe kwa kisu cha kupogolea chai, na sari hiyo nyekundu mnaiona; kile kiapo cha Rameswaram amekifuta mwenyewe aliposema "Hatuendi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika tangu jana, na wachumaji mliokosa kazi ya leo kwa ajili yake. Mzee ameomba mche wa mfenesi upandwe hapo kichwani, nami nimeuleta. Mama Mkubwa, hakuna wa kukuhamisha tena, pumzika kwa amani, hapa ni kwako.