Mwalimu Inshirah na Wiki Tatu za Kila Kiangazi

Wasifu wa Inshirah Fahim Bishai, 1957–2023. Umeandikwa kwa niaba ya familia na Sawsan Wagdi Fahim, mtoto wa mdogo wake, na kusomwa katika ibada ya siku ya arobaini, Kanisa la Kiinjili, Mallawi, Misri, Jumatatu tarehe 20 Machi 2023.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 12 Machi 1957 hapa hapa Mallawi, katika nyumba iliyo nyuma ya kituo cha treni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Fahim Bishai, mpishi wa asali ya miwa, na Bi. Tafida Girgis. Mama yake hakujua kusoma, lakini kila jioni aliwaketisha watoto wake wasome kwa sauti, na aliyesita aliamriwa arudie, kana kwamba kitabu kile alikitunga yeye.

Alisoma shule ya wasichana ya mjini petu hadi mwaka 1975, kisha akachukua Kiingereza Chuo Kikuu cha Minya. Alikwenda na kurudi kwa treni kila siku, akafuzu Juni 1979. Oktoba mwaka huo huo alianza kufundisha wasichana, na hakuiacha kazi hiyo mpaka alipostaafu Machi 2017 akiwa na miaka sitini. Wengi mlioketi hapa mlipita mikononi mwake. Mnakumbuka kwamba neno bovu halikupita mbele yake likiwa salama.

Jumapili tarehe 14 Agosti 1983 alifunga ndoa na Bw. Raouf Aziz, mwenye duka la dawa. Siku ya posa Bw. Raouf alitaja jina la dawa moja kwa Kiingereza mbele ya wazee, naye bibi harusi mtarajiwa akamsahihisha hapo hapo, kwa upole, huku akimmiminia chai. Mama mkwe alimgeukia mwanawe akamwambia, “Huyu oa, lakini ujue atatusahihisha sote mpaka kaburini.” Mungu aliwajalia watoto wawili, Ihab na Nivine.

Julai 2015 kanisa letu liliunda timu ya watu saba kwenda Amman, Yordani, kuwafundisha Kiingereza kwa wiki tatu Wakristo wa Iraki waliokimbia vita makwao mwaka uliotangulia. Watu wale walikuwa wakisubiri kupokelewa na nchi za mbali, na hawakuruhusiwa kufanya kazi. Kiongozi wa timu alikuwa Mchungaji Sabri Naguib. Waliobaki walikuwa vijana wa kwaya na daktari mmoja wa meno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Mwalimu Inshirah, aliyekuwa na miaka hamsini na minane, ndiye pekee aliyejua kufundisha, kwa hiyo alipewa watu wazima.

Alibeba chupa nne za asali ya miwa. Moja ilifunguka sandukuni juu ya fulana za buluu za timu nzima, na kwa kuwa hawakuwa na nyingine, walisimama mbele ya washarika wa kanisa lililowapokea Amman siku ya kwanza wakiwa na madoa meusi kifuani. Mwanamke mmoja kwenye benchi la mbele aliinua mkono akauliza, “Dada, mmekuja kutufundisha Kiingereza, au mmetoka kuweka lami barabarani?”

“Lamba kwanza ndipo uulize,” Mwalimu akamjibu.

Yule mwanamke alisogea, akagusa fulana kwa kidole, akaonja, akasema kwao Karakosh, kule Iraki, chakula hicho wangempa farasi, kwani binadamu hula asali ya tende. Ukumbi mzima ulicheka. Jina lake ni Najiba Behnam. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na tisa, akiishi chumba kimoja mtaa wa Hashmi pamoja na mama mkwe wake na binti yake. Kuanzia siku hiyo yeye na Mwalimu hawakuachana.

Najiba alikuwa na tarehe ya mahojiano mwezi Oktoba katika ubalozi wa mojawapo ya nchi hizo za mbali. Katika mahojiano ya awali alifasiriwa na mkalimani aliyeruka nusu ya maneno yake, na safari hii alitaka kuyasema mwenyewe: jinsi walivyotoka Karakosh, jinsi mumewe alivyorudi kuchukua dawa za mama yake, na kwamba hakuonekana tena. Mwalimu aliyaandika yote kwa Kiingereza safi, kurasa mbili. Kila alasiri, darasa likiisha, waliketi jikoni mwa kanisa. Mmoja akawa afisa, mwingine akajibu. Najiba alipokosea, alirudia tangu mwanzo. Kufikia wiki ya tatu alizisema kurasa zote mbili bila kosa hata moja. Mwalimu alirudi Mallawi akiwa na furaha ambayo Bw. Raouf anasema hakuwa ameiona tangu watoto wazaliwe.

Kiangazi kilichofuata timu ilirudi, na Najiba alikuwa bado benchi la mbele. Alikuwa amenyimwa ruhusa ya kuhama. Mwalimu alimuuliza ilikuwaje, naye akasimulia taratibu akimenya viazi. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ni nani aliyemfundisha kusema yale.

“Nawe ukamwambiaje?”

“Nilimwambia mwalimu wangu, kutoka Misri. Nilikuwa najivuna, Mwalimu. Nilidhani ananisifu.”

Barua ya kukataliwa haikueleza sababu. Ilisema tu kwamba hakutimiza masharti. Hakuna ajuaye kama ni zile kurasa mbili au ni jambo jingine kabisa, na wengine katika darasa lile walinyimwa bila kufundishwa na mtu. Mwalimu alijua hivyo. Hata hivyo aliacha kula mchana ule, na kesho yake alikwenda ubalozini na Mchungaji Sabri ili yeye mwenyewe aeleze kwamba maneno yalikuwa yake lakini mambo yalikuwa ya Najiba. Kijana wa dirishani aliwaambia kwa adabu kwamba hawahusiki na shauri lile. Mwalimu aliandika barua tatu akiwa huko na nyingine tano alipofika nyumbani. Hazikujibiwa.

Alirudi Amman mwaka 2017, 2018 na 2019. Waliomjua kwa ukali wa darasani wangemshangaa. Aliwaacha watu waseme ovyo. Vijana wa timu walipowasahihisha wanafunzi, aliwazuia akisema, “Mwacheni aseme vibaya. Maneno ni yake.” Kila mwaka darasa lilikuwa na sura mpya, kwa maana waliotangulia walikuwa wamekwenda Australia na Kanada, wakituma picha za watoto wao wakiwa na makoti mazito. Binti ya Najiba aliolewa akaondoka pamoja na mumewe. Mama mkwe alifariki Januari 2019 katika chumba kile kile. Najiba alibaki. Kiingereza chake kilikuwa kimekomaa kiasi kwamba timu ikishaondoka, yeye ndiye aliyeendelea na darasa, bila cheo wala kibali.

Nivine alimuuliza mama yake mara moja faida ya wiki tatu ni nini, iwapo wanaofundishwa wanabaki pale pale. Mwalimu alisema hajui, anajua tu kwamba wiki tatu anaweza kuzitoa, na kilichobaki hakimo mikononi mwake, na kwamba hilo linamuuma kuliko watu wanavyodhani wakimwona akiondoka na sanduku lake.

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga njia, na safari hazikurudi. Walizungumza kwa simu kila Jumapili baada ya ibada.

Mwezi Novemba 2022 macho ya Mwalimu yaligeuka manjano. Uchunguzi uliofanyika mjini Asyut ulionyesha uvimbe kwenye kongosho, uliokwisha kusambaa. Bw. Raouf alikuwa amewapa dawa watu wa Mallawi kwa miaka arobaini na tatu. Wiki ile alifunga duka, akakaa ndani peke yake akisoma maandishi ya boksi moja baada ya jingine, mpaka Ihab alipokwenda kumchukua. Madaktari walifanya wawezalo kupunguza maumivu, na tunawashukuru.

Najiba alitaka kuja kumuuguza. Alizunguka ofisi mbili akaambiwa kwamba akitoka Yordani hatarudi, na shauri lake jipya la kuhama, ambalo sasa ni la tatu, litafutwa. Mwalimu alimkataza asithubutu. Jumapili ya mwisho ya Januari walipozungumza, Nivine alikuwa ameshika simu, na alimsikia mama yake akiuliza lile ambalo kwa miaka saba hakuwahi kuliuliza.

“Najiba, ni mimi niliyekuharibia?”



“Sijui, dada yangu,” Najiba akasema. “Hata wewe hujui. Nisikudanganye ukiwa kitandani.” Kisha akauliza, “Umekunywa maji leo?”

“Kidogo.”

“Kunywa nikusikie.”

Nivine akamwekea mama yake glasi mdomoni, akanywa, na Najiba akasikiliza.

Mwalimu Inshirah alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mitano. Alizikwa siku iliyofuata kando ya wazazi wake.

Ameacha mume, Bw. Raouf Aziz, watoto wawili, Ihab na Nivine, wajukuu watatu, mdogo wake, Wagdi Fahim, na familia yake, wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu, na Najiba Behnam wa mtaa wa Hashmi, Amman, ambaye familia imekubaliana kumtaja miongoni mwa ndugu, na ambaye shauri lake la tatu, hadi asubuhi hii, halijajibiwa.

Bwana aliyempa kazi hii amlaze penye utulivu.