Funguo Saba za Mama Mkasi

Nilimwona marehemu mke wangu kwa mara ya kwanza Jumanne, tarehe 3 Februari 1998, saa nne asubuhi, kwenye dirisha la kibanda changu cha kufuli. Alileta ufunguo wa stoo ya vitambaa, akataka nimchongee wa pili. Fundi wa kufuli haulizi ufunguo wa pili ni wa nani. Mimi niliuliza. Akasema ni wa bosi wake, mama wa miaka sitini, au nilitaka aniletee na kitambulisho? Niliona haya hata nikauchonga vibaya, ikabidi arudi kesho yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu wa baba fundi bomba na mama mpishi wa shule. Alimaliza sekondari mwaka 1992. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo barua za nyumbani aliandika yeye, na hata tarehe hizi nimezitoa kwenye daftari lake.

Mwaka 1993 aliajiriwa karakana ya sare za shule, meza ya kukata. Alikata kola ishirini na nne kwa mkupuo mmoja bila hata moja kwenda upande, ndipo wenzake wakamwita Mama Mkasi. Alikuwa mcheshi. Sikupenda alivyowachekesha wanaume wa meza ya pasi, na nalisema hapa kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia kila mahali.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1999. Mungu akatujalia binti, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Agosti 2007 tangi la maji la karakana liliingia uchafu, wafanyakazi wengi wakaharisha. Wenzake walipona ndani ya wiki. Yeye homa iliisha, tumbo likagoma. Likawa linamnyonga na kujaa, mara anaharisha, mara siku tatu kimya. Vipimo vyote vikarudi safi. Wako waliosema ni mawazo tu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu siku niliyomwambia hivyo hakulalamika tena mbele yangu. Akaanza kupotea. Tukiwa kwenye sherehe atanyanyuka, nusu saa haonekani, nikimuuliza anasema alikuwa anapunga hewa.

Mei 2010, nikitafuta kiberiti kwenye mkoba wake, nikakuta funguo saba. Funguo za nyumba yetu nilizichonga mwenyewe, nazijua hata gizani. Hizi hazikuwa zetu, tena zilikuwa za milango ya ndani na ya uani. Nilizirudisha mkobani. Alhamisi iliyofuata nilifunga kibanda nikamfuata kwa mbali. Alikwenda mbio mbio hadi nyuma ya duka la vitabu, akafungua mlango wa uani kwa ufunguo wake mwenyewe, akaingia. Mwenye duka ni mgane anayevaa tai kila siku. Nilisimama pale dakika ishirini, moyo unaniwaka, kisha nikausukuma mlango.

Ndani kulikuwa na korido, na mwisho wa korido choo. Mwenye duka alikuwa huko mbele, anapanga madaftari. Mke wangu akatoka akipangusa mikono, uso umemsinyaa kwa maumivu.

Hakunigombeza. Aliketi juu ya katoni la vitabu akanionyesha funguo moja moja: duka la vitabu, duka la dawa, saluni, posta, kiwanda cha chapa, studio ya picha, ofisi ya wakili. Vyote vyoo. "Hawa walinipa bila kuniuliza ni wa nini," akasema. Hilo liliniuma kuliko nilichokuwa nakiogopa. Watu saba walijua jambo ambalo mimi sikuambiwa. Mmekaa hapa mbele yangu leo, na bado nawaonea wivu.

Mwaka 2022 alimpata daktari wa tumbo aliyemsikiliza saa nzima. Niliomba kuingia naye, kusema kweli ili nimtazame huyo daktari. Akatueleza kwamba kinga ya mwili ni kama askari. Uchafu wa 2007 uliwaamsha, wakapigana, wakashinda. Lakini kwa baadhi ya watu, askari wa kwenye ukuta wa utumbo hawarudi kulala, na chakula kilichokuwa kinapita wakati wa vita nacho huenda wakakihesabu adui. Kikipita tena, hata kama ni mkate tu, wanamwaga kemikali zao, mishipa ya fahamu iliyo jirani inachokozwa, na mtu anaumwa kweli. Kwa kuwa yanatokea palepale utumboni, kipimo cha damu kinaweza kisione kitu. Alisema si wagonjwa wote walio hivyo, na wataalamu bado wanachunguza.

Marehemu akanigeukia. "Umesikia? Wanakamata mkate usio na kosa. Wewe na tumbo langu mlifundishwa ulinzi na mtu mmoja."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nilimwonea wivu kwa kicheko kile, lakini njiani nilimwomba mke wangu radhi. Alipunguza mkate, akapewa dawa, akapata siku nyingi nzuri.

Ugonjwa huo sio uliomuua. Alilazwa kwa nimonia tarehe 2 Juni 2024, akafariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 12, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na kaka zake wawili. Ameacha pia wenye milango saba. Funguo zenu ninazo mfukoni. Baada ya mazishi mje niwarudishie mkono kwa mkono, niwape shukrani niliyopaswa kuwapa tangu 2010. Mungu ampe pumziko lisilo na maumivu.

Jioni ya Jumanne, wodini, muuguzi mmoja wa kiume, mwenye sauti ya upole, ambaye nilishaanza kumtazama vibaya, alitaka kumpeleka msalani. Marehemu akamwambia asante, mume wangu yupo. Tulikwenda taratibu, ameniegemea. Mlango ulikuwa na kitasa kibovu. Nikaanza kujipapasa mifuko nikitafuta bisibisi, akanishika mkono.

"Acha kitasa, mlinzi wangu," aliniambia. "Simama wewe hapo mlangoni."