Jiwe Lililopikwa Mara Mbili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, baina ya duka la kinyozi na karakana ya fundi anayechonga mawe ya makaburi. Jioni, msumeno ukishanyamaza na vumbi likishatua, Fundi hutoka na chupa ya kahawa, wenyeji wakasogea. Kinyozi huja na nywele za wateja begani. Wakili huja kutoka duka lake la vitasa. Huo uwakili ni wa mdomo tu, mahakamani hajaingia hata kama shahidi. Wa mwisho ni Mwalimu, aliyefundisha habari za miamba chuoni mpaka alipostaafu, na ambaye tangu afiwe na mkewe hukaa ukingoni mwa benchi akilitazama jiwe moja lililoegemezwa ukutani. Ni la marehemu. Alilichagua mwenyewe: la kijivu, lenye mistari iliyopindapinda na punje nyekundu ndogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Limekatwa, limeng'arishwa. Halina neno hata moja.

Sababu kila mtu pale alikuwa anaijua. Marehemu aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alifariki, akamwachia mtoto wa kiume na jina. Mtoto huyo, siku hizi dereva wa lori, alitaka jiwe la mama yake liandikwe jina la baba yake, maana ndilo alilokua akilisikia. Mwalimu alitaka lake. Hawakugombana, waliacha tu kupigiana simu. Na jioni hiyo dereva alikuwa anapita, kujua kimeamuliwa nini.

— Mwalimu, jamaa anakuja. Umeamua? aliuliza Kinyozi.

— Bado.

— Mbona sheria iko wazi? Wakili akadakia. Mwenye mali ni wa mwisho. Nyumba ikiuzwa, hati inabaki na jina la nani?

— Mke si nyumba, wewe!

— Nimetoa mfano.

— Mfano wako umenyolewa upande mmoja, Kinyozi akasema.

Fundi, ambaye amekaa na wafiwa miaka mingi na anajua pa kuwapitisha, akalipiga jiwe kofi dogo.

— Hivi hili nalo lina miaka mingapi?

— Halifiki hamsini, akasema Wakili. Tazama linavyong'aa.

— Si nimeling'arisha mimi!

— Hesabuni mistari, akasema Kinyozi. Mawe yanaota kama nywele. Mstari mmoja, mwaka mmoja.

— Kwa hiyo mlima ni jiwe ambalo halijanyolewa? Fundi akauliza.

— Ndiyo maana yake.

— Na jangwa?

— Upara.

Walicheka mpaka Fundi akamwaga kahawa. Wakili hakutaka kuachwa nyuma.

— Nisikilizeni mimi. Dunia ilikuwa ya moto. Ilipopoa, ngozi yake ikajikunja kama ile ya juu ya maziwa. Hiyo mikunjo ndiyo milima.

— Hiyo kuna wasomi walioiamini kwelikweli, zamani, Mwalimu alisema.

— Mnaona! Mimi nimechelewa kuzaliwa tu.

Mwalimu akatabasamu. Habari za jiwe zilikuwa nyepesi mdomoni mwake kuliko habari za mwenye jiwe, kwa hiyo akaendelea.

— Mabara husukumana. Tope lililo kati yake hubanwa, likazamishwa chini sana, likapikwa huko bila kuyeyuka. Ndipo hugeuka jiwe kama hili, na punje hizi nyekundu huota humo humo motoni.

— Na umri unaupataje?

— Ndani ya punje kuna kitu kinachogeuka kuwa kingine, polepole, kwa mwendo usiobadilika. Unapima kilichogeuka na kilichobaki. Ukijua punje iliota lini, umejua mlima ulikuwa unajengwa lini.

— Sasa taja, tuone nani kapata.

— Hili lina taabu yake. Tuliyapima mawe ya mlima lilikotoka. Yamepikwa mara mbili. Moyo wa punje una miaka milioni mia tisa, ganda lake milioni mia tano. Mlima wa kwanza uliinuka, ukalika mpaka ukaisha. Kisha ukaja mwingine palepale.

— Rahisi sana hiyo, akasema Wakili. Jumlisha, gawa kwa mbili. Milioni mia saba. Kesi imefungwa.

— Wapo waliofanya hivyo. Ukisaga punje nzima ukapima yote pamoja, inatoka mia saba, safi kabisa. Ila wakati huo hapakuwa na mlima wowote. Hakuna kilichotokea.

— Kwa hiyo umri wa kweli ni upi? Kinyozi akauliza. Wa moyo au wa ganda?

— Wa vyote viwili. Ganda halikufuta moyo. Lilikaa juu yake tu.

Akajisikia alivyosema. Kikombe kikampolea mkononi. Wakili alitaka kuongeza neno. Kinyozi akamkanyaga mguu.

— Majina mawili yanaenea, Fundi alisema kwa sauti ya chini. Nafasi ipo.

Lori lilisimama ng'ambo ya barabara. Dereva akavuka, akipangusa mikono kwenye suruali.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba.

Hakuwahi kumwita Baba. Kinyozi alimsogezea nafasi, lakini hakukaa.

— Yataandikwa yote mawili, Mwalimu alimwambia. La baba yako litatangulia.

Dereva alichuchumaa mbele ya jiwe, akapitisha kidole juu ya punje.

— Limepikwa mara mbili hilo! Kinyozi alishindwa kujizuia. Mlima wa kwanza, halafu wa pili. Mwalimu katueleza hapa.

— Na kabla ya kupikwa lilikuwa nini?

— Tope, Mwalimu alisema.

— Lilitoka wapi?

Kinyozi akamtazama Wakili. Wakili akatazama ndani ya kikombe chake. Mwalimu alimfikiria mkewe akiwa msichana, kabla ya dereva huyu, kabla ya baba yake dereva, akiitwa jina moja tu na watu ambao yeye hakuwahi kuwaona.

— Sijui, alisema.

— Mama naye hakuwa akisimulia ya kwao, dereva akasema, bado kachuchumaa.

Fundi alikwisha kuchukua penseli.

— Sasa wakubwa, nichore nini?

— Jina lake, alisema Mwalimu.

— Likifuatiwa na la nani?

Mwalimu akamtazama dereva. Dereva akainuka, akaja kukaa kando yake kwenye benchi.

— Lake tu, alisema.

— Basi herufi zitakuwa kubwa, Fundi akasema, akapiga magoti kutafuta katikati ya jiwe.